Tapeli Havunji Mlango, Hufunguliwa

Tuchukue mfano wa baba mmoja, mfanyakazi wa kiwandani, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam. Ni mwisho wa mwezi. Mshahara umekwisha kuingia, na fedha za mtoto aliyeko shule ya bweni zimekwisha kutengwa katika simu. Yumo ndani ya daladala, amebanwa kila upande, mara simu inalia. Anayezungumza ana sauti ya upole lakini yenye haraka:

"Mzazi, mimi ni mwalimu wa zamu. Mwanao ameanguka ghafla, tuko naye hospitali. Daktari anataka fedha za dawa sasa hivi."

Baba haulizi zaidi. Atauliza nini na mwanawe yu taabani? Kabla gari halijafika kituo cha pili, fedha zote zimekwenda. Jioni anampigia mkuu wa shule, naye anaambiwa kwamba mtoto ni mzima wa afya, yuko darasani anajisomea.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu watakitambua kisa hiki, ama kwa kusimuliwa au kwa kuwafika wenyewe. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mfanyakazi ameondokewa na adha ya kumkabidhi kondakta wa basi bahasha ya kupeleka kijijini. Lakini fedha zilizokuwa zikilala chini ya godoro sasa zimo mfukoni, na mlango wake ni tarakimu nne tu.

Tapeli hauvunji mlango huo. Hubisha hodi, akafunguliwa. Silaha yake kubwa ni habari zetu wenyewe: jina la mtoto, shule anayosoma, namba ya simu ya mzazi. Habari hizo tunaziacha kila mahali: katika daftari la wakala lililo wazi mezani, na katika picha za watoto wakiwa na sare za shule tunazozisambaza mitandaoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hila zenyewe ni nyingi. Yupo anayetuma ujumbe mfupi: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Haujui ujumbe huo utamfikia nani, anatumaini tu kwamba kati ya watu mia, mmoja alikuwa mbioni kulipa kodi ya nyumba. Yupo anayedai kuwa amekutumia fedha kwa makosa, akuombe umrudishie, kumbe ujumbe wa malipo ameuandika mwenyewe. Tazama salio lako kwanza. Na yupo anayejifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akutake umtajie namba ya siri. Ifahamike kwamba hakuna mtumishi wa kweli mwenye haja ya namba hiyo.

Kidole nacho ni mali

Kuanzia mwaka 2019 laini za simu zilisajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na mwezi Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa. Matapeli nao wakatafuta njia. Msajili asiye mwaminifu humwambia mteja, "Kidole hakijasoma, weka tena," kumbe kila akiweka, laini nyingine inasajiliwa kwa jina lake. Mwenye kidole huenda zake, asijue kuwa jina lake litatumika kumwibia mwenzake. Kwa hiyo kila mmoja wetu hana budi kupiga *106# na kuhakiki ni namba zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Hata hivyo, sheria haiwezi kukaa nasi ndani ya daladala. Ulinzi wa kwanza ni wa nyumbani.

Basi, jioni moja mzazi akae na mwenzake na watoto, waelewane. Kwanza, namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala asitumwe mtoto kwa wakala akiwa nayo kwenye karatasi. Pili, namba ya mkuu wa shule ihifadhiwe katika simu ya kila mzazi. Tatu, asitume mtu fedha za dharura kabla ya kukata simu na kumpigia mhusika kwa namba anayoijua mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, na tapeli anaishi kwa haraka yetu. Bibi na babu walioko kijijini nao waelezwe hayo, kwa adabu na kwa subira.

Na ikiwa maji yamekwisha kumwagika? Piga mara moja huduma kwa wateja, namba 100, kabla fedha hazijatolewa. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha toa taarifa polisi.

Baba yule wa Mbagala huenda akanyamaza kwa aibu, hata mkewe asimwambie. Hapo ndipo tapeli hushinda mara ya pili, kwa kuwa kesho yake atampigia jirani kwa maneno yale yale. Aliyetapeliwa hana hatia. Na aseme, ili jirani simu ikilia, awe amekwisha kusikia.