Utisho Jukwaani: Fuvu la Karatasi, Simba wa Tsavo na Giza la Pamoja

Azma ya makala haya ni kujadili swali ambalo halisikiki mara kwa mara katika vyumba vyetu vya mihadhara: kwa nini tamthilia ya kutisha ingali inavuta watazamaji ilhali filamu ina uwezo mkubwa zaidi wa kuonyesha damu, majitu na maiti? Swali hili lilinijia Voi, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari, nilipoalikwa kutazama mazoezi ya wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa tamasha la drama. Ninaliandika kwa kuwa jibu nililolitarajia na jibu nililolipata hayakufanana.

Wanafunzi hao walikuwa wametunga mchezo kuhusu pango la mafuvu. Msomaji asiyeifahamu Taita inafaa aelezwe kwamba zamani, katika milima ya Dawida na Sagalla, mzee alipofariki alizikwa kwanza kama watu wengine. Baada ya muda, mwili ukiisha kuoza, fuvu lake lilifukuliwa na kupelekwa kwenye pango au chini ya mwamba wa ukoo wake, likawekwa safu moja na mafuvu ya waliomtangulia. Huko ndiko watu wa ukoo walikokwenda kusema nao wakati wa ukame, maradhi au mgogoro wa kifamilia. Desturi hii ilififia kadiri Ukristo ulivyoenea, hasa baada ya wamisionari wa C.M.S. kufika Sagalla mwaka 1883, lakini baadhi ya mapango yangalipo na mafuvu yamo.

Basi vijana wetu walifinyanga fuvu kwa karatasi na gundi, wakalipaka rangi, wakalitia taa nyekundu ndani. Taa za ukumbi zilipozimwa, fuvu liling'aa na sauti nzito ikatoka nyuma ya pazia ikitisha kuua. Wanafunzi wenzao walipiga mayowe, kisha wakacheka. Miongoni mwetu alikuwako nyanya mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Yeye hakupiga yowe wala hakucheka. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Huyo ni mzee wa nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwelekezi alijaribu kumweleza kwamba ni fuvu tu, la mtu yeyote. Nyanya akasema hakuna fuvu la mtu yeyote.

Kauli ile ilinirudisha kwenye vitabu.

Utanzu ambao wahakiki wa Ulaya huuita wa kigothiki huhesabiwa kuanza na riwaya ya Horace Walpole, The Castle of Otranto, iliyochapishwa mwaka 1764. Kwa kawaida tunafundishwa kuutambua kwa mapambo yake, yaani kasri kuukuu, mlango unaolia, mwezi, mzuka. Kwa maoni yangu hayo ni maleba tu. Kiini chake ni jambo la kale lililofichwa au kudhulumiwa ambalo linakataa kuzikwa na kurudi kudai haki yake kwa walio hai. Kama kasri peke yake lingetosha kutisha, Taveta ingekuwa makao makuu ya utisho wa Kenya, maana Ewart Grogan alijenga lake juu ya kilima huko katika miaka ya 1930, na sijawahi kusikia mtu akisimulia kwamba alikosa usingizi kwa ajili yake.

Tamthilia ilijifunza mapema kwamba kiini hicho hakihitaji vifaa vingi. Mfano ulio wazi zaidi ni The Woman in Black, aliyoitunga Stephen Mallatratt kutokana na riwaya ya Susan Hill. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Scarborough, Uingereza, mwaka 1987, ikahamia London mwaka 1989 na kudumu huko hadi Machi 2023. Tamthilia iliyodumu zaidi ya miaka thelathini hubebwa na waigizaji wawili wanaogawana takriban nafasi zote, na kikapu kikubwa ambacho mara ni meza, mara ni mkokoteni wa farasi. Mbwa aliyemo katika hadithi haonekani kabisa. Mwigizaji humpapasa hewani, na watazamaji, ambao wanajua vyema kwamba hakuna mbwa, hushika roho zao mbwa huyo anapopotea kwenye matope. Filamu ingelazimika kutuletea mbwa. Jukwaa linatutaka tumuumbe sisi wenyewe, na ukishamuumba kiumbe kwa fikra zako huwezi tena kujiambia kwamba hayakuhusu.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya jukwaa na skrini. Skrini humwonyesha mtazamaji kitu cha kutisha kilichokamilika. Ukumbini utisho huundwa papo hapo, na huundwa na watu waliokaa pamoja katika giza moja. Pumzi inayokatika kiti cha tatu huambukiza kiti cha kumi. Kikohozi kimoja huweza kuua tukio zima, na kila mwigizaji anaijua hofu hiyo, ambayo nayo ni ya kweli.

Fasihi yetu ya Kiswahili haikosi tajriba hii, ingawa wahakiki wetu wameishughulikia zaidi kama siasa kuliko kama utisho. Macbeth ya Shakespeare, yenye wachawi na mzuka unaoketi kwenye karamu, ilitafsiriwa na S.S. Mushi na kuchapishwa kwa jina Makbeth mwaka 1968. Miaka mitatu baadaye Ebrahim Hussein alitupa Mashetani (1971). Humo Juma na Kitaru, vijana wawili wasomi, wanacheza mchezo chini ya mbuyu, mmoja akiwa shetani na mwingine binadamu, na mchezo huo unamwandama Kitaru hata akaugua. Mara nyingi tumeusoma mbuyu ule kama ishara ya ukoloni na ukoloni mamboleo, na si kosa. Lakini ishara hiyo inatenda kazi kwa sababu hadhira ya pwani inajua ni nani wanaokaa mbuyuni. Vivyo hivyo Said A. Mohamed, katika Kivuli Kinaishi (1990), aliuweka utawala wa Bi Kirembwe katika Giningi, jina ambalo Mzanzibari alilijua kama nchi ya wachawi kabla hajajua neno udikteta. Watunzi hawa hawakuazima hofu kutoka mbali. Waliitafuta pale hadhira yao ilipokuwa imeiweka tayari.

Tukirudi Taita, fuvu la karatasi lilishindwa kwa sababu lilikuwa limeazimwa. Lilitoka kwenye filamu za Marekani, ambako fuvu ni kifo kisicho na jina. Pangoni mwa ukoo, fuvu ni mzee fulani, baba wa fulani, mwenye haki ya kusalimiwa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikipa kitabu chake cha mwaka 1978 jina lenye maana ya kuitoa hasira, kwa kuwa aliona kwamba hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya jirani, ya mzazi au ya waliokufa, ndiyo iliyohesabiwa kuwa chanzo cha madhara. Tiba yake ilikuwa kutasa: mtu anatia kinywaji mdomoni na kukipuliza huku akitamka maneno ya amani, mbele ya wahusika. Mwanafunzi wa drama atatambua mara moja kwamba hapa kuna maleba, kuna tendo, kuna maneno yaliyopangwa na kuna hadhira ambayo bila yake tendo halitimii.

Hofu ya Kitaita, kwa hiyo, haimo katika mfupa. Imo katika uwezekano kwamba ndugu aliyeketi karibu nawe ana hasira na hajaisema. Ni hofu ngumu zaidi kuliko ya damu, na inalifaa jukwaa kuliko skrini kwa kuwa haina sura. Kuna pia suala la heshima ambalo siwezi kulipita kimya. Mafuvu ya Wataita yalikwisha kufanywa vitu mara moja: sehemu yake ilichukuliwa wakati wa ukoloni na kupelekwa Uingereza kupimwa, na taarifa ya vipimo hivyo ikachapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 1931. Mtunzi anayelitia fuvu taa nyekundu ili watu wapige mayowe anapaswa kujiuliza anafuata nyayo za nani.

Yapo masimulizi mengine ya eneo hili yanayongoja jukwaa, na lililo maarufu zaidi duniani ni la simba wa Tsavo. Mwaka 1898, kwenye daraja la reli lililokuwa likijengwa juu ya mto Tsavo, kilomita 50 hivi kutoka Voi kuelekea Nairobi, simba wawili wasio na manyoya ya shingoni waliwatoa wafanyakazi hemani usiku baada ya usiku, hata kazi ikasimama kwa majuma kadhaa. Mhandisi J.H. Patterson aliwaua mwezi wa Desemba mwaka huo. Filamu imelishughulikia kisa hiki zaidi ya mara moja. Bwana Devil ya mwaka 1952 ilitangazwa kwa ahadi kwamba simba ataruka hadi mapajani mwa mtazamaji. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 ilipigwa picha Afrika Kusini na ikawapa simba manyoya ambayo hawakuwa nayo.

Lakini ukikisoma kitabu cha Patterson mwenyewe, kilichotoka mwaka 1907, utagundua kwamba kilichowatisha watu hakikuwa kumwona simba. Anaeleza kwamba ngurumo zilisikika kwa mbali, zikakaribia, kisha zikakoma kabisa. Ukimya ule ndio uliokuwa habari kwamba simba wamefika, na sauti za tahadhari zikapokezanwa kutoka kambi hadi kambi. Hilo ni tukio la jukwaa, tena limekwisha kuandikwa: giza, hema la shuka, ngurumo, kimya. Hakuna haja ya simba.

Tena wafanyakazi waliamini kwamba wale hawakuwa wanyama bali roho za watawala wawili wa kienyeji waliokufa, zilizokasirishwa na reli kupita katika nchi yao. Tumerudi kwenye hasira ya waliokufa. Patterson aliitaja imani hiyo na kuipuuza. Mtunzi hana ruhusa ya kuipuuza. Katika kitabu hicho alitoa hesabu ya Wahindi 28 waliouawa, na Waafrika wengi ambao hawakuhesabiwa rasmi. Baadaye akataja watu 135 kwa jumla. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, waliohifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba walioliwa ni watu 35 hivi. Kwangu mimi tofauti ya hesabu hizo ina uzito mdogo kuliko neno "hawakuhesabiwa". Mtu aliyekufa bila hata kutiwa katika daftari, katika ardhi ambamo kila fuvu lilikuwa na jina, ndiye mzuka halisi wa Tsavo, na sijui filamu yoyote iliyomtafuta.

Wanafunzi wa Voi walibadilisha mchezo wao. Walilitoa fuvu na taa yake, wakaacha ubao mtupu mahali lilipokuwa, pamoja na kibuyu. Mgogoro sasa ulikuwa kati ya ndugu wawili juu ya shamba la baba yao. Mkubwa anakishika kibuyu, anatia kinywaji mdomoni, anatazama ule ubao mtupu kwa muda mrefu, na taa zinazimwa kabla hajapuliza. Ukumbi haukupiga yowe. Watu walikaa kimya mpaka mtu fulani akakumbuka kuwasha taa.

Nyanya alikuwako. Alipokuwa akitoka alinishika mkono akataka kujua kama yule kijana alipuliza au alimeza.