Fahamu: Je, seli shina zaweza kumrejeshea nguvu aliyeumia uti wa mgongo?

Ndani ya uti wa mgongo umepita ugwe wa mishipa ya fahamu uchukuao amri za ubongo hadi viungoni na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Na ugwe huo ukisha kukatika au kupondeka, ama kwa ajali ama kwa kuanguka, aghalabu haujiungi tena, akabaki majeruhi amepooza ilhali akili yake ni timamu.

Mwaka 2006 mtaalamu wa Japani, Shinya Yamanaka, alidhihirisha kwamba seli ya kawaida ya panya yaweza kurejezwa katika hali ya uchanga, ikawa seli shina iwezayo kugeuka seli za namna mbalimbali. Na kwa elimu hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2012.

Kwa kuifuata njia hiyo, matabibu wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, tangu Desemba 2021 waliwapandikiza majeruhi wanne seli changa za fahamu zipatazo milioni 2 kila mmoja, wiki mbili hadi nne baada ya kuumia. Machi 2025 walitangaza kwamba wawili walipata nafuu, mmoja wao akaweza kusimama bila msaada, wala hayakuonekana madhara makubwa.

Hata hivyo, wagonjwa wanne hawatoshi kuwa hoja ya kukata shauri, maana wako majeruhi wapatao nafuu pasipo kupandikizwa. Basi anayeuziwa tiba hii leo kwa mali nyingi, na ashauriane kwanza na tabibu wake.