Je, Wajua? Chuma Kinavyolia Studioni

Je, wajua kwamba milio ya bunduki katika filamu ya Star Wars (1977) ilitokana na waya uliogongwa kwa nyundo? Ben Burtt, mbunifu wa sauti za filamu hiyo, alipiga mojawapo ya nyaya nene zinazoshikilia mnara wa redio, maikrofoni ikiwa karibu na waya. Hakikutoka kishindo cha kawaida cha chuma. Ilitoka "piuuu", sauti inayoanzia juu na kuporomoka. Siri iko kwenye waya wenyewe: mitetemo ya sauti nyembamba hukimbia upesi ndani yake kuliko ya sauti nzito. Kwa hiyo pigo ni moja, lakini nyembamba hutangulia kufika na nzito hufuata nyuma zikijikokota.

Na lile pigo la chuma katika muziki wa The Terminator (1984)? Kikaango! Mtunzi Brad Fiedel alikigonga tu.

Panga za sinema nazo zina uongo wake. Upanga ukichomolewa kwenye ala ya ngozi hutoa mchakacho mdogo. Ule mlio mkali wa "shiing" huongezwa baadaye studioni kwa kukwaruza chuma kwa chuma. Upanga ambao ungelia hivyo kila ukichomolewa, nadhani, ungekuwa butu kabla ya vita kuanza.

Kwa nini chuma kinatushtua hivi? Uzi wa gitaa ukitetemeka, juu ya sauti yake ya msingi huwa na nyingine zilizo takriban mara 2, mara 3, mara 4 yake, na sikio huzisikia zote kama noti moja. Nondo iliyoning'inizwa haifuati mpango huo: sauti zake za juu huangukia kama mara 2.76, kisha mara 5.40. Sikio hukosa pa kuzishika. Tena chuma hakimezi mitetemo upesi kama mbao, ndiyo maana rimu ya gari iliyotundikwa mtini inatosha kuwa kengele ya shule nzima.

Jambo la ajabu zaidi liligunduliwa Paris mwaka 1948. Pierre Schaeffer, mtu wa redio, alirekodi kengele akaacha nje lile pigo la kwanza. Mlio uliobaki haukufanana tena na kengele. Ulikaribia oboe, chombo cha kupuliza kilicho ndugu wa zumari yetu. Utambulisho wa chuma, basi, umo zaidi katika kile kipande kidogo cha mwanzo.

Wanamuziki wetu hawakungoja studio. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ubavu wa chombo chake, huku mikono ikishughulika na nyuzi. Katika ngoma ya mwomboko ya Wakikuyu, karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma, huenda sambamba na kodiani.

Ukitaka kurekodi vyombo hivyo, usiuamini mshale wa mita ya zamani ya VU, ile ya kupima kiwango cha sauti. Huchukua kama sekunde 0.3 kupanda, ilhali kilele cha pigo la chuma hupita ndani ya milisekunde chache. Mshale utaonyesha salama, na rekodi itakuwa imeshakwaruza. Shusha kiwango kwanza, kisha gonga.