Urithi na siri za ndoa: Kinachowafunga wasikilizaji wa 'The Archers'

MCHEZO wa redio wa The Archers, unaorushwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC), ulianza kusikika nchini humo kote Januari 1, 1951, baada ya majaribio ya mwaka 1950. Ndio mchezo wa kuigiza wa mfululizo uliodumu kuliko yote duniani. Visa vyake hutokea Ambridge, kijiji cha wakulima kisichopatikana katika ramani yoyote.

Mwanzoni mchezo huo ulikusudiwa kuelimisha. Uingereza ilikuwa bado katika mgawo wa chakula uliotokana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwasisi wake, Godfrey Baseley, alitaka wakulima wapate ushauri wa kilimo kupitia maisha ya familia moja. Hata hivyo, wasikilizaji walinaswa zaidi na magomvi ya ndugu kuliko habari za mbolea.

Kiini cha magomvi hayo ni ardhi. Shamba la ng'ombe wa maziwa likigawanywa kwa watoto wanne, hakuna kipande kitakachotosha kulisha kaya. Likiachiwa mmoja, watatu hubaki na kinyongo. Mwaka 2001, David alipokabidhiwa shamba la Brookfield na baba yake, Phil Archer, manung'uniko yalizuka miongoni mwa ndugu zake, hasa Elizabeth. Kila upande ulikuwa na hoja, na ndiyo maana wasikilizaji nao waligawanyika.

Chanzo cha pili ni siri. Brian Aldridge, mkulima tajiri, alizaa nje ya ndoa mwaka 2002. Mama wa mtoto alipofariki mwaka 2007, mkewe Brian, Jennifer, alikubali kumlea Ruairi. Katika visa vya aina hii, msikilizaji huijua siri kabla ya mwenye nyumba, na shauku ya kungoja itakavyofichuka humrudisha redioni kesho yake. Kijijini wote huonana katika duka moja, kanisa moja na baa moja. Mwenye siri hana pa kukimbilia.

Siri nzito zaidi ilikuwa ya Rob Titchener, aliyesifiwa na wakwe huku akimtesa mkewe, Helen, faraghani. Aprili 2016 Helen alimchoma kisu, na Septemba mwaka huo baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Miezi michache kabla, Desemba 2015, sheria ya England na Wales ilikuwa imeanza kuhesabu kuwa kosa la jinai kitendo cha kumtawala mwenza kwa vitisho na udhalilishaji. Wasikilizaji walichangia zaidi ya pauni 100,000 kwa shirika la Refuge, linalowasaidia wanawake wanaoteswa majumbani.

Tanzania nayo iliwahi kuitumia njia hiyo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, iliyofundisha uzazi wa mpango na kinga ya Ukimwi kupitia ndoa ya dereva wa lori, Mkwaju, na mkewe Tunu.

Somo ni lile lile: mambo ambayo familia huona haya kuyatamka sebuleni huzungumzika kwa urahisi yakiwa ya jirani wa kubuni. Helen hakuwahi kuishi, lakini fedha zilizochangwa kwa jina lake zilikuwa za kweli.