Lubero: Manguredjipa, kijana anayetafuta kadi ya kwanza ya mchaguzi anahitaji pia majirani

Kule Manguredjipa, makao makuu ya sekta ya Bapere, karibu kilomita 100 magharibi ya muji wa Butembo, kijana akikaribia miaka 18 hawazi tu siku ya kupiga kura. Anawaza kadi. Bila kadi ya mchaguzi, safari ya moto kwenda Butembo inakuwa na wasiwasi kila penye bariera, na mbele ya wakubwa wa serikali ni vigumu kuonyesha kama yeye ni nani.

Sababu inajulikana. Kwa miaka mingi Kongo haikuwapa raia wake kadi ya utambulisho, na hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi ilifanywa mwaka 1984. Tangu uandikishaji wa 2005, kadi inayotolewa na tume ya uchaguzi imechukua nafasi hiyo kwa muda. Kadi mpya ya utambulisho ilizinduliwa Kinshasa mwezi wa Juni 2023, lakini raia wengi bado hawajaiona. Kwa hiyo kijana anayekosa siku za kujiandikisha hapotezi kura tu. Anaweza kubaki miaka mingine mitano bila karatasi ya kumtambulisha.

Katiba inasema anayechagua ni Mukongomani mwenye miaka 18. Mwaka 2023, CENI iliwakubali pia wale waliokuwa bado na miaka 17, mradi tu watimize 18 kufikia tarehe 20 Desemba, siku ya uchaguzi. Katika Kivu ya Kaskazini, kazi hiyo ilianza tarehe 16 Februari 2023. Kadi haiuzwi. Kijana anatoa majina, anapigwa picha, anaweka vidole kwenye mashine, kisha kadi inachapishwa palepale.

Ugumu uko kabla ya mashine. Sheria inaomba karatasi moja ya kuonyesha mtu ni nani: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, permi ya kuendesha gari, kadi ya kazi, ao kadi ya mwanafunzi. Kijana aliyeacha masomo mapema ili aende kuchimba dhahabu ao kulima kakao mara nyingi hana hata moja. Mzazi alipaswa kumwandikisha mtoto kwa serikali katika siku 90 baada ya kuzaliwa, bila malipo. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya korti, na hiyo inaomba safari na makuta.

Kwa mtu asiye na karatasi, sheria iliacha mlango mmoja: mashahidi watatu. Hao watatu wanapaswa kuwa wamekwisha kujiandikisha katika kituo kilekile na kuwa wanakaa eneo hilo tangu angalau miaka mitano. Wanatoa ushuhuda kwa maandishi mbele ya mkubwa wa kituo.

Wakati wa amani, jambo hilo ni jepesi. Katika kijiji, nani asiyemjua mtoto wa jirani? Lakini Bapere haiko tena katika wakati huo. Tangu 2024, mashambulizi ya waasi wa ADF yamesukuma watu wengi kuacha vijiji na mashamba. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2025, huko Ntoyo, karibu na Manguredjipa, watu zaidi ya 60 waliuawa, wengi wao wakiwa kwenye matanga. Waliobaki walikimbia, wengine kuelekea Butembo.

Hapo ndipo kanuni ya mashahidi inakuwa nzito. Kijana aliyekimbilia Butembo anakaa mtaa ambako hakuna anayemjua tangu miaka mitano. Wale wanaomjua vizuri wametawanyika, na kadi yao iliandikwa kituo kingine. Akiwa aliacha kadi ya masomo ndani ya nyumba iliyochomwa, hana karatasi, hana shahidi. Na hata yule mwenye kadi anapaswa kwa kawaida kuchagulia pale alipojiandikishia, mahali ambapo pengine anaogopa kurudi.

Watu wa Butembo na Beni wanajua uzito wa kuachwa inje. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba kura ya Beni, Butembo na Yumbi imesogezwa hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Wachaguzi zaidi ya milioni moja waliachwa. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Wao walichagua wabunge tarehe 31 Machi. Huko Beni, tarehe 30 Desemba, wakaaji walipanga mstari na kupiga kura yao wenyewe, wakijua kwamba haitahesabiwa. Mwaka 2023 ikawa zamu ya sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita vya M23.

Muhula wa sasa wa rais, wa miaka mitano, ulianza Januari 2024. Watoto waliozaliwa 2010 watakuwa wametimiza 18 mwisho wa 2028. Wengi wao leo wako kwenye masomo, ao walikuwa huko mbele ya kukimbia.

Kwa wazazi, kazi ya sasa ni ndogo lakini ya haraka: kumwandikisha mtoto mchanga mbele siku 90 hazijaisha, kutunza kadi ya masomo ya yule mkubwa, kuipiga fotokopi na kuiacha kwa ndugu anayekaa mahali pengine. Kadi nyingi za 2023 zilifutika maandishi katika miezi michache, na wenyewe walilazimika kutafuta duplikata. Kwa tume ya uchaguzi, swali linabaki wazi: kijana ambaye vita vilimnyang'anya kijiji atapata wapi majirani watatu wa kusema kwamba yeye ni wa hapa?