Daktari, Niulize Ninachokunywa

Jumamosi asubuhi pale Mutindwa, kati ya Buruburu na Umoja, kipaza sauti huamka kabla ya wauza nyanya. Sauti iliyorekodiwa inataja maradhi kwa mkupuo mmoja: presha, sukari, taifodi, ameba, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Muuza mukombero anapita na mizizi yake, na kwenye kibanda cha supu sufuria inatokota na magome ya muthiga ndani. Mkazi wa Eastlands hana haja ya kutafuta miti shamba. Inamkuta njiani.

Shangazi yangu wa Kayole ilimkuta kwa jirani. Anaugua kisukari, na wakati huo alikuwa akimeza glibenklamidi. Akaletewa unga wa mwarobaini na uwatu, achemshe, anywe asubuhi kabla ya chai. Siku ya nne tulimwokota bafuni, jasho likimchuruzika, maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka mno: kidonge kiliishusha, uwatu na mwarobaini vikazidi kuishusha, na tumboni hamkuwa na kitu. Alipopata nafuu nilimuuliza mbona hakumwambia daktari.

"Hakuniuliza," alisema. "Na angeniuliza, angenigombeza."

Tumebishana miaka nenda miaka rudi kama miti shamba inatibu, ilhali jibu tunalo. Dawa ya malaria ya AL tunayopewa zahanati ina chimbuko lake kwenye mmea wa artemisia, na Tu Youyou, Mchina aliyeongoza kazi hiyo, alituzwa Nobel mwaka 2015. Gome la muiri hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya, na ulivyochunwa kwa pupa, biashara yake imewekewa masharti ya kimataifa tangu 1995. Hapa Nairobi, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ina kituo cha utafiti wa dawa za asili. Lakini kidonge kina kipimo. Kikombe cha majani hakina. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri malaria itibiwe kwa chai ya artemisia.

Halafu kuna suala la jina. Mapema miaka ya 1990 mjini Brussels, wanawake wengi waliokuwa wakipunguza uzito kwa dawa za mitishamba waliharibika figo. Mimea miwili ya Kichina yenye majina yanayokaribiana ilichanganywa, na uliotumika ulikuwa na sumu. Sasa fikiria muthiga wetu, ambao Mmaasai anauita osokonoi na Mjaluo sogo-maitha. Ukishasagwa na kutiwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, nani atajua ni nini? Na ukiona unga umetuliza magoti ya nyanya kwa siku moja, shuku: katika nchi kadhaa maabara zimekuta steroidi ndani ya dawa zinazouzwa kama mitishamba tupu.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka tiba asili idhibitiwe, hata kuwe na utaratibu wa mganga kumtuma mgonjwa hospitalini. Vyema. Ila mimi naona kazi inaanzia kwenye kiti cha mgonjwa, na inaanza na swali. Daktari (na kwa mtaa wetu kliniki ofisa naye ni daktari) akiuliza, "Unatumia miti shamba?" atajibiwa hapana. Mshubiri aliopanda mama kwenye kopo dirishani hauiti mti shamba, wala tangawizi na kitunguu saumu cha kila asubuhi. Aulize hivi: "Kabla hujaja hapa, mama, ulijaribu nini nyumbani?" Kisha aulize ni kiasi gani, saa ngapi, kilitoka wapi, na akiandike kwenye faili bila kukunja uso. Kwa mjamzito, kwa anayetumia ARV au dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa anayesubiri upasuaji, swali hilo lisirukwe kamwe.

Shangazi bado anakunywa mitishamba yake. Sikuwahi kutumaini vingine. Uwatu ameupunguza, mwarobaini ameuacha, na kidonge chake kimebadilishwa. Siku ya kliniki huitia chupa kwenye kiondo pamoja na kadi, na akifika huiweka mezani kabla hajasalimia. Nawe Jumatatu ukienda, ibebe yako.