UZI: Viwavi shambani, kelele jukwaani, na kile DNA inaweza kutuambia

1/ Viwavi wakiingia mahindini, mjadala ni ule ule. Mmoja anasema serikali imelala. Mwingine, ati wadudu wameletwa na mbegu za nje. Wa tatu anataka ndege ya kunyunyiza dawa. Hakuna anayeuliza kwanza: ni mdudu gani huyu?

2/ Mimi swali hili nililijua kwa hasara. 2017 mamangu aliona majani ya mahindi yametoboka, tukadhani ni wale wadudu wa bua tuliowazoea. Tukanunua dawa, tukapiga mara mbili. Wakaendelea kula tu. Kumbe huyu alikuwa mgeni.

3/ Mgeni ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi 2016, na 2017 akathibitishwa Kenya. Sisi tayari tulikuwa na kiwavijeshi wetu, Spodoptera exempta. Wakiwa wadogo, ni rahisi sana kuwachanganya.

4/ Hapo ndipo DNA inaingia. Maabara inachukua kipande cha mdudu, hata mguu tu, na kusoma sehemu ya jeni iitwayo COI, kama herufi 650 hivi. Kisha wanalinganisha na rekodi za wadudu wanaojulikana. Ni kama nambari ya gari: rangi zaweza kufanana, nambari hazifanani.

5/ Hii inahusu vipi pesa za umma? Kiwavijeshi wetu hutembea kwa makundi, akila nje peupe. Vamizi akikua hujificha ndani kabisa, kwenye moyo wa mmea. Dawa ya kumwagwa kutoka juu haimfikii vizuri. Ukikosea jina, unakosea na dawa.

6/ Na nani alimleta? DNA inaonyesha vamizi wa Afrika wanafanana sana na wale wa Florida na visiwa vya Karibi. Lakini haisemi walikuja kwa meli gani wala kwa mkono wa nani. Anayedai DNA imethibitisha njama, alete ushahidi mwingine.

7/ Jeni moja pia yaweza kukupoteza. Vamizi ana aina mbili: ya mahindi na ya mpunga. Hapa Afrika, COI ya wengi ilisema "mpunga", ilhali walikutwa kwenye mahindi! Jeni nyingine, Tpi, ikasema "mahindi". Sababu ni kuwa COI hurithiwa kwa mama peke yake. Aina hizo zikizaliana, unasikia upande mmoja tu wa ukoo.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akitaja "utafiti", muulize: Sampuli zilitoka kaunti gani? Zilisomwa jeni ngapi? Na majibu yalimfikia mkulima kabla hajanunua dawa, ama baada?

9/ Kwetu yalikuja baada. Msimu ule tulivuna kidogo, na pesa ya dawa haikurudi.

Walio shambani, mlijuaje ni mdudu gani? Semeni hapa chini.